Askari wa Kike Asipewe Kiatu cha Mchuchumio

Miezi ya sikukuu za taifa inapokaribia, viwanja vya kwata katika kambi zetu hujaa tangu alfajiri. Askari wa jeshi, polisi na magereza huunda safu, wakufunzi hupaza sauti mpaka zikakauka, na ngoma ya bendi husikika hata katika vijiji vya jirani. Wananchi watakaohudhuria sherehe za Uhuru tarehe 9 Oktoba wataona dakika chache tu za kazi hiyo ya majuma mengi. Wataona bunduki zilizolala katika mstari mmoja, mikono inayopanda na kushuka pamoja, na miguu inayoipiga ardhi kwa mshindo mmoja. Hawataona kilichomo ndani ya kiatu.

Ndugu askari, nataka leo tuzungumze juu ya kiatu hicho, na hasa kiatu cha askari wa kike. Katika majeshi na polisi wa nchi nyingi duniani, mwanamke anapovaa sare ya sherehe hupewa kiatu kisicho na kamba, kilicho wazi juu ya unyayo, chembamba mbele, na chenye kisigino kilichoinuliwa. Mitaani huitwa skuna, na kisigino kikizidi kuwa kirefu huitwa mchuchumio, kwa sababu anayekivaa huwa kama mtu anayechuchumia ili akifikie kitu kilicho juu. Wapo wanaosema kuwa kiatu hicho humpa askari wa kike heshima na haiba. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuionyesha sura ya jeshi kwa umma, nasema kuwa humpunguzia uwezo wa kusimama na kutembea, yaani mambo mawili ya kwanza ambayo kuruta hufundishwa anapoingia kambini.

Mfano ulio wazi kabisa ulitokea Ukraine mwaka 2021. Nchi hiyo ilikuwa ikijiandaa kuadhimisha miaka 30 ya uhuru wake kwa gwaride kubwa mjini Kyiv tarehe 24 Agosti. Mwanzoni mwa Julai, Wizara ya Ulinzi ilitoa picha za wanafunzi wa kike wa chuo cha kijeshi kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Taras Shevchenko, wakifanya kwata wakiwa na sare za kijeshi mwilini na viatu vyeusi vya visigino virefu miguuni. Zogo likazuka mara moja. Wabunge walibeba jozi za viatu vya namna hiyo mpaka bungeni, wakamtaka Waziri wa Ulinzi, Andriy Taran, avivae yeye mwenyewe siku ya gwaride. Wizara ilijitetea kwa kusema kuwa viatu hivyo vimo katika kanuni za mavazi, kisha ikaahidi kutafuta vingine vinavyoufaa mguu zaidi. Wakati huo wanawake zaidi ya 31,000 walikuwa wakilitumikia jeshi la nchi hiyo, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuonja vita vya mashariki vilivyoanza mwaka 2014. Tarehe 24 Februari 2022, miezi 6 kamili tangu siku ya gwaride lile, majeshi ya Urusi yaliivamia nchi yao kutoka pande kadhaa.

Lililonigusa mimi katika mkasa huo ni kwamba picha zile hazikuibwa na mwandishi mdadisi. Zilitolewa na Wizara yenyewe, kwa fahari. Maofisa wenzangu wa uhusiano wataelewa jinsi jambo hilo linavyotokea. Mpiga picha huinama, huielekeza kamera kwenye safu ya miguu, na kiatu chenye kisigino huufanya mguu uonekane mrefu na mstari uonekane mzuri. Picha hupendeza ikiwa mezani. Lakini raia wa kawaida, asiyejua lolote juu ya kwata, aliitazama akaona mara moja kile ambacho wenye vyeo hawakukiona, kwamba yule askari akiambiwa akimbie hataweza.

Yafaa tueleze namna mwili unavyofanya kazi, ili maneno haya yasichukuliwe kuwa ni chuki dhidi ya mitindo. Mtu aliyesimama bila viatu huugawa uzito wake kati ya kisigino na sehemu ya mbele ya unyayo, na fungu kubwa huangukia kisigino. Kisigino kikiinuliwa kwa sentimita 7, uzito huhamia mbele, juu ya mifupa myembamba iliyo nyuma ya vidole. Mwili mzima hutaka kuinama mbele. Ili usianguke, goti hukunjika kidogo, nyonga na mgongo hujirekebisha, na misuli ya shavu la mguu hubaki imekaza muda wote. Hata aliyesimama mguu sawa, kimya kabisa, huwa anafanya kazi. Tena misuli hiyo ya shavu la mguu ndiyo pampu inayoisukuma damu kutoka miguuni kurudi moyoni, nayo husukuma kwa kukaza na kulegea. Ikikaa katika hali ya kukaza tu, pampu hupungukiwa nguvu. Sote tumekwisha kumwona askari akianguka kwa kusimama muda mrefu juani. Kiatu cha kisigino kirefu hakimsaidii mtu wa namna hiyo.

Tukitazame na kifundo cha mguu. Mfupa wa kifundo umekaa kama kabari ndani ya mwanya uliofanywa na mifupa miwili ya muundi. Mfupa huo ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Unyayo ukitulia sawasawa, sehemu pana huujaza mwanya na kifundo huwa imara. Vidole vikielekezwa chini, kama ilivyo ndani ya mchuchumio, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki mwanyani, na kifundo hulegea kikaweza kupinda upande kwa urahisi. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Birmingham walizichunguza kumbukumbu za hospitali, wakakadiria kuwa kati ya mwaka 2002 na mwaka 2012 majeraha 123,355 yaliyotokana na viatu vya visigino virefu yalitibiwa katika vyumba vya dharura. Zaidi ya 80 katika kila 100 yalikuwa ya kifundo au unyayo. Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa miaka 20 hadi 29, na huo ndio umri wa mabinti tunaowapanga mstari wa mbele.

Wembamba wa kisigino nao una hesabu yake. Tumchukue askari wa kilo 60, aliyevaa kiatu chenye kisigino cha sentimita moja ya mraba. Anapotua kwa kisigino hicho, uzito wake wote waweza kuangukia sentimita hiyo moja. Sasa tumchukue tembo wa tani 4, aliyesimama kwa nyayo zake nne, na kila unyayo una eneo la sentimita za mraba 1,000. Yeye huikandamiza ardhi kwa kilo moja tu kwa kila sentimita. Tembo ataupita uwanja wa nyasi baada ya mvua na nyasi zitainuka tena, skuna itazama. Na viwanja vyetu, tukiacha vichache vilivyotiwa lami, ni vya nyasi na udongo mwekundu, na mwezi wa Oktoba mvua haiombwi ruhusa na mtu. Katika zoezi moja nililolishuhudia, binti mmoja aliyekuwa hodari wa kwata kuliko wavulana wengi wa kikosi chake alikitumbukiza kisigino katika ardhi laini, mita chache kabla ya jukwaa. Kiatu kikabaki, mguu ukaendelea. Hakusimama wala hakutazama nyuma. Alipita jukwaani akiwa na kiatu kimoja na soksi moja, mkono ukipanda na kushuka kama ilivyotakiwa. Tulimpigia makofi. Hata hivyo sijapata kusikia sababu ya maana iliyomlazimu kupita katika jaribu hilo.

Tuingie sasa katika kwata yenyewe. Majeshi mengi yaliyorithi kwata ya Waingereza huhesabu hatua ya mwendo wa haraka kuwa inchi 30, yaani sentimita 75 hivi, na hatua zipatazo 120 kwa dakika. Kisigino kirefu huifupisha hatua. Jambo hilo limepimwa na watafiti wengi na halina ubishi. Tuseme kila hatua ya askari wa kike imepungua sentimita 5 tu. Baada ya hatua 100 atakuwa nyuma kwa mita 5 nzima. Kwa kuwa hawezi kuachwa nyuma, hujinyoosha. Huutupa mguu mbele kuliko unavyotaka kwenda, na hutua juu ya kile kisigino chembamba akiwa amenyoosha goti, kwa mshindo, kama alivyofundishwa. Halafu sisi tulioko pembeni twasema kuwa kikosi cha akina dada kina mwendo wa kukakamaa.

Wakati mgumu kuliko yote ni pale inapotolewa amri ya kutazama kulia. Mwili wa binadamu una wapelelezi watatu wanaouarifu mahali ulipo ili usianguke: macho, chombo kilichomo ndani ya sikio, na nyayo pamoja na viungo vya mguu. Askari anapogeuza kichwa kulisalimu jukwaa, macho yake huacha kuitazama njia. Mpelelezi wa sikio naye huwa amegeuzwa pamoja na kichwa. Anayebaki kazini ni unyayo. Na unyayo wenyewe tumeufunga ndani ya kiatu chembamba kisichogusa ardhi isipokuwa kwa ncha mbili. Mkufunzi yeyote ajuaye kazi yake atakuambia kuwa safu hupinda hapo hapo mbele ya mgeni rasmi, mahali ambapo haikupaswa kupinda kabisa.

Nimewahi kujibiwa kuwa dawa ni mazoezi, kwamba avae kiatu hicho kila siku na mguu utazoea. Jibu hilo ni la kijeshi, na hulipenda sikio langu, lakini halilingani na yaliyopimwa. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake vijana 30 waliovaa viatu vya visigino vya sentimita 1, 4, 7 na 10. Kuanzia sentimita 7, misuli ilitaabika zaidi, na kisigino kilipofika sentimita 10 uwezo wa kulinda mizani ya mwili ulishuka. Waliozoea visigino virefu walikuwa na wepesi fulani wa kuuelekeza mwili walikotaka, ila kwa jumla hawakuwashinda sana wale wasiozoea.

Kuzoea kwenyewe kuna bei. Mwaka 2010 watafiti wa Manchester, Uingereza, pamoja na wenzao waliwapima wanawake waliokuwa wamevaa visigino vya sentimita 5 au zaidi, kwa muda wa miaka 2 na kuendelea. Waligundua kuwa nyuzi za misuli ya shavu la mguu zilikuwa fupi kuliko za wanawake wengine, na kano ya kisigino ilikuwa nene na ngumu zaidi. Miaka 2 baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith huko Australia waliwatazama wanawake wenye desturi hiyo hiyo wakitembea. Hata walipovua viatu, mwendo wao haukurudi kuwa kama wa wenzao. Nyuzi fupi za misuli ziliendelea kuvutwa kupita kiasi katika kila hatua. Mwanamke huyo mpe buti asubuhi, umwambie akimbie kilomita 8 na mzigo mgongoni. Mguu wake, uliokwisha kujipunguza ili uendane na skuna, utavutwa ghafla kurudi urefu ambao hauna tena. Ndipo ofisa wa michezo huandika katika kitabu chake kwamba askari huyu ni mvivu wa mbio.

Wengine husema basi tusiwape kisigino chembamba, tuwape kirefu lakini kipana. Hapo kuna nusu ya ukweli. Kisigino kipana hukisaidia kifundo, na hakizami katika nyasi. Goti halikupata nafuu hiyo. Mwaka 1998 daktari Casey Kerrigan wa Marekani na wenzake waliwapima wanawake 20 wenye afya, wakaona kuwa viatu vya visigino virefu viliongeza nguvu inayoliumiza goti kwa wastani wa 23 katika 100. Mwaka 2001 walirudia kipimo kwa visigino virefu vilivyo vipana, na goti likaonekana kubeba mzigo kama ule ule. Gegedu la goti likilika, halioti tena kama ukucha. Askari huishi kwa magoti yake mpaka siku ya kustaafu, na baada ya hapo huyahitaji shambani.

La kuchekesha kidogo ni kwamba kisigino kirefu kilikuwa mali ya mwanamume, tena mwanamume wa vita. Wapanda farasi wa Uajemi walikivaa ili kiatu kishike katika kikuku cha kupandia farasi, nao waweze kusimama juu ya matandiko na kuupiga mshale bila kuteleza. Wazungu wa karne ya 17 walikiona wakakitamani, na mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alijulikana kwa visigino vyake vyekundu. Baadaye wanaume wakakiacha, kikabaki kwa wanawake. Kwa hiyo ni kifaa cha mtu aliyeketi juu ya mnyama. Wanaokitetea kuwa ni desturi ya kijeshi wana haki ya kusema hivyo, iwapo wataleta na farasi.

Napenda hapa nitoe angalizo moja, kwa kuwa najua makala ya askari juu ya mavazi ya wanawake yaweza kusomwa vibaya. Wazee wa nchi hii wanakumbuka amri ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku sketi fupi, na ile ya mwaka 1974 iliyopiga marufuku nywele za bandia. Wanakumbuka pia jinsi watu wenye sare walivyosimama barabarani kuwapima wananchi magoti na kuwadhalilisha mama zetu na dada zetu. Sitaki neno langu hata moja limsaidie mtu kurudi huko. Mwanamke aendaye harusini, kanisani au dansini avae kisigino cha urefu apendao. Mguu ni wake na starehe ni yake, na askari hana kazi nao. Ninachojadili ni kile anachoamriwa kuvaa. Serikali kadhaa zimekwisha kuiona tofauti hiyo. Mwaka 2017 jimbo la British Columbia nchini Kanada lilikataza waajiri kuwalazimisha wanawake kuvaa visigino virefu kazini, na mwaka huo huo Wizara ya Kazi ya Ufilipino ikatoa agizo la namna hiyo. Uingereza, ambako katibu mmoja wa mapokezi alirudishwa nyumbani mwaka 2015 kwa kukataa visigino, watu zaidi ya 150,000 walitia sahihi kuiomba Serikali itunge sheria. Serikali ilikataa, ikasema sheria zilizopo zatosha. Huo ni mjadala wa maofisini. Kwetu mambo ni mepesi zaidi, maana kiatu cha askari hutolewa na bohari, na anayekitoa ndiye anayewajibika.

Kwa upande wa polisi, jambo hili halikomei kwenye gwaride. Mpelelezi wa kike aliyevaa kiraia huambiwa afanane na wananchi walioko hotelini au benki, na baadhi hulielewa agizo hilo kuwa ni lazima wavae skuna. Mwizi hana sharti hilo. Yeye huja na raba. Askari wa usalama barabarani naye husimama saa nyingi juu ya lami, akigeuka huku na huku, na mara nyingine hulazimika kuruka pembeni kwa kasi. Nadhani kila kamanda wa kituo anaweza kulimaliza tatizo hilo kwa mazungumzo ya dakika 5 bila kungoja waraka kutoka makao makuu.

Lipo kosa la pili linalofanana na la kwanza, nalo hulijadili mtu adimu kwa sababu halionekani katika picha. Mwanamke akivuliwa skuna hupewa buti la mwanamume. Wagavi wengi huamini kuwa mguu wa kike ni mguu wa kiume uliopungua saizi, kwa hiyo humpa namba ndogo na jambo huwa limekwisha. Mguu wa mwanamke kwa kawaida una kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa mbele. Akipewa buti lililoshonwa kwa kalibu ya mwanamume, ama hubanwa vidole, ama kisigino huchezacheza ndani kikatoa malengelenge. Wengi huvaa soksi jozi mbili au hujaza vitambaa mbele, na mtu aliyejaza vitambaa hana habari nzuri ya ardhi anayoikanyaga kuliko aliyevaa mchuchumio. Hao hao Ukraine niliowataja, pamoja na maelfu ya wanawake waliokuwa vitani, walifika mwaka 2023 ndipo Wizara yao ikaidhinisha sare ya kiangazi ya uwanja wa vita iliyokatwa kwa umbo la mwanamke. Kabla ya hapo wengi walivaa za wanaume, wakazipunguza wenyewe au wakashonewa na watu waliojitolea. Kiatu cha kupendeza kilikuwa kimekwisha kuandikwa katika kanuni miaka kadhaa mapema.

Mpangilio huo wa mambo wastahili kutazamwa na kila anayeketi katika kamati ya sare. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kamati hizo, kwa kadiri nilivyoziona, hujaa wanaume wenye nia njema ambao hawajapata kusimama hata dakika 10 juu ya skuna. Ndani ya vikosi vyetu wamo masajini wa kike wenye miaka 15 na 20 ya utumishi. Wao wanajua kiatu kipi hutoka mguuni, kipi huchubua, na kipi husema uongo siku ya kwanza kisha kikafichua tabia yake siku ya tatu. Wakiitwa wakae mezani, siyo kuja kuonyesha sampuli kama wanamitindo, shughuli itakuwa fupi.

Kiatu ninachokipendekeza mimi kwa gwaride si cha ajabu. Kiwe cheusi, cha ngozi inayokubali rangi na kung'aa. Kiwe na kamba, au angalau mkanda unaopita juu ya unyayo, ili kisiachane na mguu. Kisigino chake kiwe kipana kama cha buti na kisizidi sentimita 3. Mbele kiwe na nafasi ya vidole kulala bila kupandana, na soli iwe na mpira unaopunguza mshindo, kwa sababu kiatu bapa chenye soli ngumu kama ubao nacho kina madhara yake. Kwa waliovaa visigino virefu miaka mingi, mabadiliko yaende polepole: washuke sentimita moja au mbili kwa wakati, wainyooshe misuli ya shavu la mguu kila asubuhi, na wasitolewe mbio ndefu katika juma la kwanza. Mkufunzi asiyezingatia hilo atawajaza wagonjwa katika zahanati ya kambi, na lawama zitaangukia kiatu kipya.

Tena kuna njia rahisi ya kukata shauri, isiyohitaji mtaalamu wa ng'ambo wala fungu la fedha. Kabla bohari halijaagiza viatu vya mwaka ujao, ichorwe mistari ya chokaa uwanjani, kila sentimita 75, hatua 100 kwenda na 100 kurudi, mahali penye nyasi na mahali penye changarawe. Waitwe askari wa kike 10 wa vimo na uzito mbalimbali. Wapite mara ya kwanza na skuna, mara ya pili na kiatu chenye kamba, huku wakitoa heshima kulia katikati ya safari. Sajini meja asimame na daftari, ahesabu ni mara ngapi mguu umekosa mstari, na daftari hilo lipelekwe mezani kwa kamati pamoja na viatu vyote viwili, vikiwa na tope lake.